MZAZI NA MWANAFUNZI: Hesabu ya Kutoa na Sifuri ya Katikati

Mkulima mmoja wa chai katika milima ya Murang'a alimwajiri mchumaji wa kumsaidia tangu katikati ya mwezi. Katika nusu ya kwanza ya mwezi huo majani yalikuwa yamechumwa na watu wa nyumbani mwake, na stakabadhi za kituo cha kupimia zilionyesha kilo 158. Mwezi ulipokwisha, jumla ya kilo zote zilizopimwa ilikuwa 402. Mapatano yalikuwa kwamba mchumaji atalipwa kwa kila kilo aliyoichuma. Basi jioni moja mkulima akamwita binti yake, mwanafunzi wa shule ya msingi, akamwagiza atoe 158 katika 402. Mtoto akaandika upesi, akaleta jibu: 204.

Asubuhi yake mchumaji alifika kutaka malipo ya kilo 244, kwa kuwa ndizo alizoziandika siku kwa siku katika kijitabu chake. Mkulima akamwonyesha karatasi ya mtoto. Kilo 40 si jambo dogo, wala kwa yule anayelipa wala kwa yule aliyeamka alfajiri na kuchuma katika umande. Maneno yakapanda, na mchumaji akaitwa mwongo mbele ya majirani. Ndipo mama wa nyumba alipoleta stakabadhi zote, akazijumlisha moja moja, ikaonekana kwamba mchumaji alikuwa amesema kweli. Hapo hasira ya baba ikamgeukia mtoto. Akasema kwamba ni mvivu na mzembe, na kwamba fedha za vitabu na sare zimepotea bure. Alikuwa karibu kutafuta fimbo.

Mama akasema, "Baba watoto, ngoja kwanza. Tumwulize alivyofanya."

Neno hilo lapasa kukumbukwa na kila mzazi aliye na mtoto shuleni. Mtoto alipoulizwa kwa upole, alieleza hivi: "Mbili toa nane haiwezekani, kwa hiyo nilikopa. Sifuri haina kitu cha kukopesha, basi nikaiendea nne, ikabaki tatu. Kumi na mbili toa nane ni nne. Sifuri toa tano, hakuna kitu, nikaandika sifuri. Tatu toa moja ni mbili."

Katika maelezo hayo hamkuwa na uvivu hata kidogo. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na mtoto aliifuata kwa uaminifu mpaka mwisho. Lililokosekana ni jambo moja tu: hakujua sifuri ile ya katikati inasema nini.

KOSA LINA NJIA YAKE

Wazazi wengi hudhani kwamba jibu lisilo sahihi ni jibu la kubahatisha. Mara nyingi sivyo. Hesabu hiyo hiyo moja, 402 toa 158, huweza kuleta majibu kadhaa ya makosa, na kila jibu hueleza habari zake kwa mtu anayejua kulisoma.

Mtoto anayepata 356 ametoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa kila mahali, bila kuangalia ipi iko juu na ipi iko chini: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 0 ni 5, 4 toa 1 ni 3. Huyu alipokuwa mdogo aliambiwa kwamba kubwa haiwezi kutolewa katika ndogo, naye ameishika kanuni hiyo kwa nguvu zake zote. Anayepata 344 ameigeuza sifuri kuwa 9 kama alivyoona ubaoni, lakini amesahau kuipunguza ile 4 iwe 3. Anayepata 254 ameiruka sifuri, akachukua kutoka kwa 4 moja kwa moja, kisha alipofika kwenye makumi akageuza mambo, akatoa 0 katika 5. Naye anayepata 204 amefanya kama yule binti wa Murang'a. Jibu la haki ni 244.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Walipitia majibu ya watoto zaidi ya 1,300 wa shule za Nicaragua, wakakuta kwamba wengi miongoni mwa waliokosa walikuwa wakikosa kwa utaratibu ule ule kila mara, kana kwamba wanafuata sheria iliyoandikwa. Makosa ya namna hiyo waliyapanga na kuyapa majina, na yale yanayohusu sifuri yalikuwa mengi.

Mafunzo yake kwa mzazi ni wazi. Mtoto mwenye njia yenye kosa, akipewa hesabu 50 za kufanya peke yake, atalifanyia mazoezi lile kosa mara 50, na kila mara litazidi kumkaa. Akichapwa, atajifunza kuficha daftari, wala fimbo haitamwambia sifuri ina maana gani. Lakini akiulizwa, "Mwanangu, hapa ulifanyaje?" atajionyesha mwenyewe mahali njia ilipopinda.

KUVUNJA NI BORA KULIKO KUKOPA

Mama yule alikuwa na kibanda cha mboga sokoni, na mkebe wa fedha ulikuwa karibu. Akaweka mezani noti nne za shilingi 100 na sarafu mbili za shilingi moja. Akamwambia binti yake, "Hizi ni shilingi 402. Nipe shilingi 158."

Mtoto akatazama. Sarafu za shilingi moja zilikuwa mbili tu, na sarafu ya kumi haikuwako hata moja. Hakusema kwamba sifuri toa tano ni sifuri. Alisema, "Mama, nivunjie noti moja." Mama akaichukua noti moja ya mia, akampa sarafu kumi za shilingi kumi. "Sasa nivunjie na kumi moja." Mama akaichukua sarafu moja ya kumi, akampa sarafu kumi za shilingi moja. Mezani sasa palikuwa na noti tatu za mia, sarafu tisa za kumi, na sarafu kumi na mbili za shilingi moja. Mtoto akahesabu zote na kuona kwamba bado ni shilingi 402, hakuna hata senti iliyoongezeka wala kupungua. Kisha akatoa noti moja, sarafu tano za kumi, na sarafu nane za moja. Zikabaki noti mbili, kumi nne, na moja nne. Ni 244.

Mama akampa kalamu, akamwambia aandike kwa tarakimu yale aliyoyafanya kwa mikono. Mtoto akaikata 4 akaandika 3, akaikata 0 akaandika 9, akaikata 2 akaandika 12. Kwa mara ya kwanza ile 9, ambayo siku zote ilitokea ubaoni kama mwujiza, ikawa na asili yake: ni kumi zilizotoka katika noti ya mia, kisha moja yake ikavunjwa.

Katika shule nyingi kazi hii huitwa kukopa. Neno hilo limezoeleka, lakini lina hatari yake. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya watu waaminifu anajua kwamba kilichokopwa hurudishwa, na wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Basi hujiuliza deni hili litalipwa lini, na yule asiye na kitu atakopesha nini. Neno kuvunja halina fumbo hilo. Kila mtoto aliyetumwa dukani anajua kwamba noti ikivunjwa thamani yake haibadiliki, hubadilika sura yake tu. Mia moja ni kumi kumi, na kumi moja ni moja kumi. Hilo ndilo shina la hesabu za kutoa.

Fedha za Kenya zinafaa sana kwa mafunzo haya, maana zipo sarafu za shilingi 1 na 10, na noti za shilingi 100 na 1,000. Sarafu za 5 na 20, na noti za 50, 200 na 500, ziwekwe kando kwanza zisimchanganye mtoto. Nyumba isiyo na fedha za kuchezea yaweza kutumia vijiti: kijiti kimoja ni moja, vijiti kumi vilivyofungwa kwa uzi wa katani ni kumi, na mafungu kumi ya kumi yaliyowekwa katika kikapu ni mia. Kufungua fungu kwa mkono kwafundisha sawa na kuvunja noti.

Mtu asidhani kwamba mtoto wa sokoni hana akili ya hesabu kwa sababu daftari lake limejaa alama nyekundu. Mwaka 1985 wachunguzi watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano wauzaji wa mji wa Recife, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Walipoulizwa bei na chenji penye biashara yao, walijibu sawasawa maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyo hiyo kwa kalamu na karatasi, bila kutajiwa bidhaa, walipata kama 37 tu katika kila 100. Ujuzi walikuwa nao. Daraja la kutoka sokoni mpaka katika daftari ndilo lililokosekana, na mzazi ndiye awezaye kulijenga.

MAJINA YA NAMBA

Kuna jambo jingine linalomkwaza mtoto bila mzazi kulitambua, nalo ni majina ya namba. Katika Kiswahili, mtu asemapo "mia nne na mbili", hataji makumi kabisa, na mtoto asiyezoea huweza kuandika 4002, kwa kuwa amesikia 400 na 2. Kadhalika maneno arubaini, sitini na themanini, yaliyotoka katika Kiarabu, hayamwonyeshi mtoto waziwazi kwamba ndani yake mna kumi nne, kumi sita na kumi nane.

Hapa lugha ya nyumbani yaweza kuwa msaada mkubwa. Mkikuyu husema mĩrongo ĩna, na Mjaluo husema piero ang'wen, na kila mmoja wao amesema "makumi manne". Mzazi na amwache mtoto aitaje namba kwa lugha ya mama yake, kisha aitafsiri kwa Kiswahili kwa kuifungua: mia nne, makumi hakuna, mamoja mawili. Mtoto awezaye kuifungua namba kwa kinywa ataweza kuivunja kwa kalamu.

NJIA YA SHULE NA NJIA YA MZAZI

Wako wazazi na babu waliofundishwa kutoa kwa njia nyingine, iliyotumika kwa miaka mingi katika shule za Uingereza. Kwa njia hiyo mtu hasumbuki na sifuri. Huongeza kumi kwa namba ya juu, kisha huongeza kumi kwa namba ya chini ili kusawazisha. Katika 402 toa 158, husema 12 toa 8 ni 4. Kisha ile 5 ya chini huwa 6, na 10 toa 6 ni 4. Kisha ile 1 ya chini huwa 2, na 4 toa 2 ni 2. Jibu ni 244 vile vile.

Njia hiyo ni sahihi, na mwenye kuizoea huenda upesi. Lakini mtoto akifundishwa kuvunja na mwalimu mchana, na kusawazisha na baba yake usiku, atachukua nusu ya hii na nusu ya ile, akapata jibu lisilo la njia yoyote. Mwaka 1949 William Brownell na Harold Moser wa Marekani walitoa matokeo ya kuzipima njia hizo mbili kwa watoto wa darasa la tatu. Waliona kwamba njia ya kuvunja iliwafaa zaidi watoto walioelezwa sababu ya kila hatua. Basi yafaa mzazi alifungue daftari la shule kwanza, aone mwalimu anafuata njia gani, naye aifuate hiyo hiyo mpaka mtoto aishike imara.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Mwaka 2009 ulianzishwa mpango uitwao Uwezo, ambao wapimaji wake waliingia majumbani katika Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapa watoto majaribio ya kusoma na ya hesabu ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti zake za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuiweza kazi hiyo, ijapokuwa walikuwa wakienda shule kila siku. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumsikiliza kila mmoja akieleza sifuri yake. Mzazi anao mmoja au wawili mezani, na dakika 15 baada ya chakula cha jioni zatosha.

Mazoezi na yaende kwa ngazi. Kwanza ziwe hesabu zisizohitaji kuvunja, kama 68 toa 25. Kisha zije zinazohitaji kuvunja mara moja, kama 62 toa 25, ambayo jibu lake ni 37. Baada ya hapo ziingie za mamia, kama 362 toa 125, halafu zinazovunjwa mara mbili, kama 342 toa 165, ambayo ni 177. Za sifuri zije mwisho: 402 toa 158, kisha 1,000 toa 364, ambayo ni 636. Mtoto asipandishwe ngazi kabla hajasimama imara katika ile ya chini.

Hesabu tano zilizofanywa kwa kuelezwa zapita hesabu ishirini zilizofanywa kwa haraka. Tena zisiwe za aina moja. Mtoto aliyepewa hesabu zote za kuvunja huvunja hata pasipohitajika. Yafaa kati yake ichanganywe moja kama 74 toa 31, ili ajifunze kutazama kwanza na kuamua. Mistari ichorwe kwa rula, mamoja yawe chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, maana makosa mengi hutoka katika tarakimu zilizopinda njiani. Na mtoto asikatazwe kuandika tarakimu ndogo juu ya zile alizozikata. Alama hizo zitaacha kuhitajika zenyewe atakapokomaa.

KUHAKIKI JIBU

Kazi haijaisha jibu linapoandikwa. Kabla ya kuanza, mtoto akadirie. Katika 402 toa 158, aseme kwamba ni karibu na 400 toa 160, yaani kama 240. Akipata 356, ataona mwenyewe kwamba amekwenda mbali. Makadirio hayatoshi kukamata kila kosa, kwa kuwa 254 iko karibu pia. Basi baada ya kumaliza, ajumlishe jibu na kile kilichotolewa: 254 na 158 ni 412, wala si 402. Lakini 244 na 158 ni 402. Hapo atajua bila kuambiwa na mtu.

Iko na njia ya muuza duka, ambayo ni ya kupanda. Kutoka 158 mpaka 160 ni 2, kutoka 160 mpaka 200 ni 40, na kutoka 200 mpaka 402 ni 202. Ukijumlisha 2, 40 na 202 unapata 244. Mtoto anayejua njia hii ana shahidi wa pili wa jibu lake.

Wengine husema kwamba siku hizi simu ina kikokotoo, na taabu hii yote ya nini? Kikokotoo hujibu kile kilichobonyezwa. Karani aliyebonyeza 420 badala ya 402 atapewa 262, na simu haitamwonya. Atakayeshtuka ni yule tu aliyekwisha kukadiria kichwani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisiloweza kuhakikiwa na mwenyewe halitofautiani sana na kukosa daftari.

Yule mkulima wa Murang'a alimlipa mchumaji kilo zake 244, akamwomba radhi mbele ya wale wale majirani waliosikia akimwita mwongo. Mwezi uliofuata binti alipewa tena stakabadhi na kalamu. Baba alikaa karibu naye, na mtoto alipofika penye sifuri, baba hakumwambia la kufanya. Alimwuliza tu, "Hapa unavunja nini?" Naye mtoto akaeleza, akaandika, akajumlisha kuhakiki, ndipo baba alipofungua mkoba wa fedha.